Simu Chini ya Senene

Kwanza mnisamehe. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo sijaandika kitu kirefu kuliko majina ya watu kwenye vipande vya plasta. Mwandiko wangu umelala upande mmoja kama migomba iliyopigwa na upepo, na penye "r" mnaweza kukuta "l", maana sisi Wahaya herufi hizo huwa zinatuponyoka. Naandika polepole. Ukurasa mmoja unakula mchana mzima wa Jumapili. Mkikuta neno limekosewa, mlisome kwa sauti, mtajua nilitaka kusema nini.

Nafanya kazi dukani kwa shangazi, Rwamishenye, hapa Bukoba mjini. Tunauza sukari, sabuni, vocha na maandazi, lakini kazi yangu hasa ni simu. Karibu na duka kuna sekondari ya kutwa, na simu haziruhusiwi ndani ya geti. Kwa hiyo asubuhi wanafunzi wanapita kwetu, wanaziacha, na jioni wanazichukua zikiwa na chaji. Shangazi alichukua shuka la zamani akalishonea mifuko, akalitundika ukutani nyuma ya kaunta. Kila simu ina mfuko wake, na kila mfuko una plasta yenye jina, niliyoandika mimi. Simu moja ikiita bila sauti, shuka lote linatetemeka, kama ng'ombe anayefukuza nzi kwa ngozi. Hatuipokei. Shangazi alisema tangu siku ya kwanza kwamba simu ya mtu ni kama barua ya mtu, iache iite mpaka ichoke.

Jioni kengele ikilia wanakuja mbio. Wengine ni wa umri wangu. Wananiita Dada Simu.

"Dada Simu, umeongea nini na simu yangu leo?"

"Aongee na simu? Na watu wenyewe haongei."

Wanacheka, nawapa simu zao, wanaondoka wameinamisha vichwa. Haikuwa inaniuma. Nasema hivyo si kwa kujisifu. Ilikuwa kama kuguswa mkono uliolaliwa usiku kucha. Unajua kwamba umeguswa, basi.

Mwezi wa nne, mvua za masika zikiwa zimeshika, alikuja dada mmoja kutoka chuo kikuu. Alikuwa na mwavuli na mkoba umejaa karatasi. Alieleza kwamba anafanya utafiti juu ya shule zinazozuia simu. Alitaka kujua kama vijana wakikaa bila simu wanalala vizuri zaidi, wanasoma zaidi, wanakuwa na amani moyoni, au wanakuwa wapweke. Alisema kuna shule kama hii ya jirani yetu, ambapo simu zinasubiri dukani, na kuna shule za bweni huko Muleba ambapo simu haionekani kabisa muhula mzima. Atazilinganisha.

"Na sisi wenye maduka utatulinganisha na nani?" shangazi akamuuliza.

Yule dada akacheka, akanigeukia mimi aniulize wanafunzi huja saa ngapi na huwa katika hali gani. Nikatazama kaunta.

"Huyu hasemi, huyu," shangazi akamwambia. "Ukitaka simu, muulize yeye. Ukitaka maneno, niulize mimi."

Mtafiti aliniuliza umri wangu, nikamwambia. Akasema mimi ni rika moja na hao anaowatafuta. Unasoma wapi? Sisomi, nikasema. Akasema samahani, hataweza kunihesabu, utafiti wake ni wa wanafunzi tu. Nikasema haidhuru. Labda aliona aibu, kwa sababu alinisomea maswali yake machache, ili nami nijue wenzangu wanaulizwa nini. Unapata usingizi wa kutosha? Unajiona mpweke? Ukiwa na shida, una mtu wa kumwambia?

"Ana mimi," shangazi akajibu kutoka nyuma, alikokuwa akipima sukari.

Mtafiti alifunga mkoba wake, akashukuru, akaenda zake kwenye mvua.

Sasa nieleze habari za kwetu, maana bila hizo hamtaelewa. Kwetu ni Kimwani, wilaya ya Muleba, kwenye kibanja cha baba, yaani nyumba na migomba yake. Baba alifariki. Kibanja kimebaki kwa bibi, mama yake baba, na shangazi wa Rwamishenye ni dada yake baba. Baada ya mazishi mama alikwenda kisiwani Goziba kuwapikia wavuvi kambini, ili mdogo wangu aendelee na shule. Mimi nilikuwa nimeshamaliza la saba na hakuna aliyeuliza tena. Mdogo wangu ana kichwa chepesi. Yuko kidato cha pili, bweni, shule ya wasichana huko huko Muleba.

Kutoka Goziba hakuna njia isipokuwa mtumbwi, na mama hakuwa amerudi kwa muda mrefu. Badala yake alituma simu kubwa, iliyokwisha kutumiwa na mtu lakini nzima, kwa ajili ya mdogo wangu, ili wakati wa likizo waonane usoni. Mtandao ukikubali, Jumapili mchana mama anatokea kwenye kioo, ameshika mwiko mrefu kama kasia, na nyuma yake moshi. Mdogo wangu anamweleza alama zake. Mimi nilikuwa nikisimama nyuma, linaonekana bega langu tu.

"Huyo nyuma ni nani?"

"Ni dada."

"Msalimie."

Shule zikifunguliwa, simu ilitakiwa kubaki kwa bibi. Mwezi wa kwanza ilibaki. Baada ya mapumziko ya mwezi wa nne, mdogo wangu aliona hataweza kuiacha tena. Hakuniambia mimi, wala bibi.

Ulikuwa msimu mdogo wa senene, panzi wetu wa kuliwa. Bibi aliokota, akazichambua mabawa na miguu, akazikaanga kwa chumvi, akazijaza kwenye ndoo ndogo ya plastiki yenye mfuniko, ile inayokuja na mafuta ya kupikia. Siku ya kurudi shuleni shangazi alinipa ruhusa, tukamsindikiza mimi na bibi. Mimi nilibeba sanduku, bibi akabeba ndoo yake mwenyewe, hakutaka mtu aishike.

Getini palikuwa na foleni ya wazazi. Matroni alikuwa akipekua masanduku, anakunjua hata sketi. Sanduku la mdogo wangu likakaguliwa, likawa safi. Matroni akatazama ndoo, akafungua mfuniko, akafunika.

"Ni senene tu. Piteni, bibi."

Tungepita. Lakini bibi yangu ni mtu wa zamani. Kwake chakula hakivuki mlango wa mtu bila kuonjwa. Anayekileta anaonja kwanza, aonekane hakuweka kitu, kisha anampa mwenye nyumba. Na mwenye nyumba hapewi cha juu. Cha juu kimepigwa upepo. Anapewa cha chini, kilichokunywa chumvi.

"Waitu, utaachaje chakula kipite hakijaonjwa?" akamwambia matroni. "Kesho mtoto akiumwa tumbo mtasema bibi wa Kimwani karoga bweni zima."

Matroni akacheka. "Haya, nipe kidogo, bibi, watu wanasubiri."

"Bibi, acha tu," mdogo wangu akasema. "Wanasubiri."

Bibi akatupa senene moja mdomoni, akatafuna, akaonyesha ulimi kwamba amemeza. Kisha akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko. Ulipotoka ulikuwa umeshika mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko simu.

Bibi aliitazama. "Na hiki ni nini?"

"Hiyo ni simu, bibi," matroni akasema.

"Simu naijua. Nauliza inafanya nini kwenye senene."

Baba mmoja nyuma yetu kwenye foleni akasema, "Inatafuta mtandao." Watu wakacheka mpaka mbele. Mdogo wangu alikuwa akitazama viatu vyake. Mimi nilikuwa bado nimeshika sanduku. Nakumbuka niliwaza kwamba ni zito, niliweke chini, na sikuliweka.

Mkuu wa shule, mama mtu mzima mwenye miwani, hakufoka. Alifungia simu kabatini na akasema sheria anaijua kila mzazi: mwanafunzi arudi nyumbani, na mzazi wake aje naye. Bibi akasema mzazi ni yeye. Mkuu akamuuliza kwa heshima kama mama wa mtoto yu hai. Yu hai, yuko Goziba. Basi aje yeye, mkuu akasema, aje kabla ya mitihani ya nusu mwaka. Asipofika, binti atafutiwe shule nyingine. Shule nyingine ya kumpeleka hatukuwa nayo. Tulirudi Kimwani na sanduku lile lile. Ndoo tuliiacha kwa matroni, kwa sababu bibi alisema kilichoonjwa hakirudi.

Mdogo wangu alilala. Siwezi kusema alilia. Alilala asubuhi, akaamka akala ndizi mbili, akalala tena. Alikuwa akigeukia ukutani. Shangazi aliniruhusu nibaki mpaka jambo liishe, huku akilalamika kwamba yeye hajui kusoma plasta zangu.

Namba ya mama ilikuwa ndani ya ile simu ya kabatini tu, kwa hiyo bibi alinituma mwaloni, mahali mitumbwi ya Goziba inapotia nanga kupakua dagaa na kupakia ndizi. Alinifundisha maneno kabla sijatoka.

"Utawaambia wampelekee mama yako maneno haya: mama mkwe anasema njoo nyumbani. Basi."

"Nisiseme kuna nini?"

"Aibu ya mtoto haipandishwi mtumbwi wa watu."

Nilikwenda. Kuzungumza na mwanaume nisiyemjua kulinichukua muda, nilizunguka kwanza chanja za dagaa. Mwishowe nikampata mwenye mtumbwi mmoja aliyesema mama anayepika pale kambini anamfahamu. Nikamwambia maneno ya bibi kama yalivyo.

"Kuna nini nyumbani?" akauliza.

"Njoo nyumbani, basi," nikarudia.

Akavua kofia. "Pole sana, binti."

Nikasema asante.

Kwetu mtu akiitwa nyumbani bila kuambiwa sababu, anajua. Msiba hautumwi kwa jina lake. Mtoto mdogo anajua hilo, na bibi anajua kuliko wote. Nilipomuuliza baadaye ilikuwaje asifikirie, alisema, "Siku hizi watu wakiitwa si wanapiga simu kuuliza?" Alikuwa amesahau kwamba simu ya kuulizia ndiyo iliyokuwa kabatini kwa mkuu.

Mama alikuja asubuhi. Bibi alikuwa amekaa jikoni anamenya ndizi, mimi nasugua sufuria uani. Kilio kilianzia pale njia inapoingia kwenye migomba, mahali waombolezaji wanapoanzia kulia. Kilikuwa kilio kirefu, cha kuita majina ya ukoo. Majirani walisikia kabla yetu. Wanawake walikuja wakifunga kanga viunoni, mmoja ana mtoto mgongoni, mmoja ana jembe bado.

"Nani amefariki?" wakauliza.

Bibi alitoka na kisu mkononi. "Na mimi nauliza."

Mama akatokea kwenye migomba. Alikuwa mwembamba kuliko kwenye kioo, na mweusi kwa jua la ziwani. Alimwona bibi amesimama, akashika mdomo. Akaniona mimi. Akanipita, akaingia ndani. Nilimfuata mpaka mlangoni nikiwa na sufuria. Mdogo wangu alikuwa ameketi kitandani, ana alama za mkeka shavuni, haelewi. Mama alipiga magoti akamshika miguu yote miwili, akaibana kifuani, na hakuacha kulia, sasa bila sauti.

Maji ya sufuria yalikuwa yananitiririkia kwenye vidole vya miguu. Niliyaacha.

Bibi hakutaka majirani waondoke mikono mitupu. Aliwatolea kahawa za kutafuna, zile anazochemsha na majani na kuzianika, wakakaa barazani wakatafuna. Jirani mmoja, mama anayependa utani, akasema, "Leo tumekuja kulia tumepewa kahawa. Siku nyingine mkituita, mtu awe amekufa kweli." Bibi akamjibu, "Jitolee wewe basi." Wakacheka, na mama naye akacheka kidogo huku anafuta pua kwa kanga.

Walipoondoka ndipo akaeleza. "Mtumbwini nililia kwa zamu," alisema. "Nilianza na mama mkwe hapa, kwa kuwa ni mzee. Tulipofika pale penye mtandao nikapiga simu ya huyu mdogo. Imezimwa. Nikapiga, imezimwa, mpaka chaji yangu ikaisha. Nikajua ni yeye. Hapo sikulia kwa zamu tena."

Sikuuliza kama nami nilikuwa nimepata zamu.

"Ungepiga kwa huyu mkubwa," bibi akasema.

"Ya huyu sina namba," mama akasema.

Hakulisema vibaya. Alilisema kama mtu anavyosema chumvi imekwisha. Na ni kweli. Kasimu kangu ka vitufe kalikuwa mfukoni mwangu siku zote, kana chaji, kananunuliwa vocha na shangazi. Mama hakuwahi kuomba namba, nami sikuwahi kuitoa. Nilirudi uani nikamaliza sufuria.

Kesho yake tulikwenda shuleni watatu, mama, mdogo wangu na mimi. Mama alikaa mbele ya mkuu wa shule akiwa na kanga ya bibi, maana yake ilikuwa inanuka dagaa. Mkuu alimweleza kwa upole kwamba tangu waanze kuzuia simu kabisa, wasichana wanalala mapema, wanazungumza mezani, hata ugomvi wa picha umekwisha. Sikuona sababu ya kumbishia. Dirishani niliwaona wasichana wanafua kwenye mabomba, wanamwagiana maji, wanaimba. Walionekana wazima kuliko wale wa kwetu Rwamishenye wanaoondoka wameinamisha vichwa.

"Sasa binti yako simu alikuwa anaitakia nini?" mkuu akauliza.

"Ananiona," mama akasema.

Mkuu akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema sheria ni ya wote. Mama akasema ameelewa. Akaweka sahihi yake, ambayo ni herufi tatu kubwa. Mdogo wangu akapokewa.

Nje, chini ya paa la bwalo, wasichana wengine walikuwa kwenye mabenchi wanajaza karatasi, na yule mtafiti alikuwa kati yao. Alinitambua. "Wewe wa Rwamishenye!" Nikamwonyesha mdogo wangu, nikasema huyu ni wa kwetu, amerudi leo.

"Alikuwa na simu? Na tangu inyang'anywe anaendeleaje?"

"Analala sana," nikasema.

"Hilo ni jema," akasema, na uso wake ukafurahi kweli. Nilitaka kumwambia kwamba kuna kulala kwa aina mbili. Nilikuwa bado nayapanga maneno alipoitwa na msichana asiyeelewa swali. Alisema matokeo ya utafiti akiyamaliza atayaleta shuleni. Hadi leo tunayasubiri, na nadhani ataandika kweli, maana si mtu mbaya.

Getini mama alikuwa na simu mkononi, amerudishiwa. Ilikuwa na mafuta, na bawa moja la senene limeganda kwenye kioo. Alilibandua kwa ukucha.

"Nitakuwa nakuona vipi?" mdogo wangu akamuuliza.

Matroni alikuwa anasikia. "Barua zinaruhusiwa," akasema. "Tena bibi yenu aje na senene nyingine. Zile zilikuwa tamu."

Mama na barua hawajuani. Ana zile herufi zake tatu. Alisimama akageuza simu juu chini, juu chini. Kisha akanitazama, mimi hasa, na nikatazama pembeni kwa mazoea.

"Nipe namba yako," akasema.

Nilimtajia. Katikati nilisita, ikabidi nianze upya, kwa sababu namba yangu sikuwa nimezoea kumtajia mtu.

Mama amerudi Goziba. Jumapili ananipigia mimi. Kasimu kangu hakana picha, kwa hiyo tunasikilizana tu.

"Upo?"

"Nipo."

Nasikia upepo wa ziwa na watu wanaomba ugali. Ananiambia maneno ya mdogo wangu: avae sweta, asigombane, samaki wameadimika lakini ada itapatikana. Mimi nayaandika, na Jumatatu natafuta mtu wa kwenda Muleba. Mdogo wangu anajibu kwa mwandiko wake mzuri. Anasema sasa analala vizuri, hisabati imepanda, amepata rafiki wa kitanda cha juu. Jumapili mchana ndiyo mbaya, anasema, saa ile ile. Nikimsomea mama hapo, ananiambia nisome tena.

Jumapili iliyopita, baada ya maneno yote ya mdogo wangu, hakukata. Akasema, "Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Na wewe u hali gani?"

Nikasema kawaida. Hakukata bado. Nilisikia anahamisha sufuria. Shuka la simu za watu lilikuwa tupu ukutani, kwa kuwa Jumapili hakuna shule. Nilitaka kuongeza neno, sikulipata, na vocha yake ikaisha. Ndipo nikachukua karatasi nikaanza kuandika haya.

Ninyi mnaosoma, kama mliwahi kuacha simu dukani au ikafungiwa kabatini, niambieni ilikuwaje, hasa siku ile mtu wenu alikuwa anawatafuta. Na kama ninyi ni wa nyumbani, mnaosubiri, niandikieni vilevile. Mwandike kwa barua, na herufi ziwe kubwa, maana hata kusoma nasoma polepole. Nitajibu kila mmoja, ila msihesabu siku.